Mvinyo ukichemka, pombe huisha? Maswali kutoka majikoni Tanga

Napika kwenye hoteli ya wageni Raskazone. Changu tunamwagia mvinyo mweupe, na mkuu wangu wa jiko husema pombe yote hupaa na mvuke. Ni kweli?

Si kweli, na hapa sina budi kukaza sauti, kwa sababu mlaji haulizwi. Pombe huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, ndiyo maana watu hudhani pombe itatangulia yote. Lakini vikishachanganyika, hutoka pamoja, kidogo kidogo. Wizara ya Kilimo ya Marekani imechapisha vipimo: chakula kikichemka na mvinyo kwa dakika 15, asilimia 40 hivi ya pombe ingali mle. Baada ya saa 1 ni asilimia 25. Hata baada ya saa 2 na nusu hubaki asilimia 5, na changu gani atakaa motoni muda huo asivurugike?

Piga hesabu. Mililita 150 za mvinyo wa asilimia 12 zina gramu 14 za pombe. Baada ya dakika 15 hubaki karibu gramu 6. Kwa walaji 4, kila sahani gramu 1 na nusu. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kidogo. Ila mjamzito, mzazi anayenyonyesha, Mwislamu, na mtu aliyehangaika mpaka akaacha pombe, hao wote wana haki ya kuambiwa kabla hawajaagiza. Kama unachotaka ni uchachu, ukwaju na ndimu vipo, na samaki wa pwani havijawahi kumharibu.

Siki ya zabibu si ni mvinyo uleule?

Ilianza hivyo. Bakteria, wakipata hewa, huigeuza pombe kuwa asidi ya asetiki. Ndivyo tembo la mnazi linavyogeuka siki likiachwa. Pombe inayosalia ni chembe, hailevyi. Hukumu ya dini muulize sheikh wako.

Nina kisukari. Jirani ananihimiza ninywe siki kila asubuhi.

Mzee wangu, usiinywe kavu: inakula meno na kuunguza koo. Kijiko kimoja kwenye kachumbari ya kulia wali kinaweza kupunguza kidogo kasi ya sukari kupanda, lakini dawa zako usiziache. Cha kuogopa zaidi ni mvinyo. Ini likishughulika na pombe huchelewa kutoa sukari, na anayetumia insulini anaweza kuishiwa sukari usiku, amelala.

Tukichanganya mvinyo na juisi ya machungwa ya Muheza na soda, si inakuwa nyepesi?

Ladha ndiyo inayopungua. Pombe mliyotia ni ileile, na utamu huwafanya mnywe haraka. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Aliye kwenye dozi ya metronidazo (dawa ya kuua bakteria, wengi huiita Flagyl) asionje kabisa, na anayeendesha gari kwenda Pangani vilevile. Wengine jaribuni kijiko cha siki, asali na tangawizi kwenye jagi la maji baridi. Inaburudisha kweli.

Achari naweza kuilaza kwenye sufuria?

Ya alumini, hapana. Siki huila alumini, nayo huingia kwenye chakula. Tumia chupa ya kioo au chungu.