Nani kaolewa hapa? Kuandika kejeli ya kike kwa redio za Kusini

Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kisarufi hakuna ubishi. Sasa njoo Newala, Tandahimba, au vijiji vya Wamwera kule Ruangwa na Nachingwea. Kwa desturi ya zamani ukoo huku unahesabiwa kwa mama, na kijana akishakubaliwa alihamia ukweni, akajenga huko, akalima huko. Aliyebeba mzigo wake na kuhama ni bwana. Nani kaolewa? Swali hilo linakupa vipindi vitatu vya redio bila kumtukana mtu, na ndiyo maana nasema mwandishi mwanamke wa Mtwara au Lindi anakaa juu ya mali asiyoijua.

Kosa la anayeanza ni kudhani ukoo wa mama maana yake mama ndiye mwenye kauli. Siyo. Kauli ilikaa kwa mjomba, na siku hizi imehamia kwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi. Kati ya "nyumba hii ni ya kina mama" na jina lililopo kwenye stakabadhi ya korosho pana nafasi, na kejeli inaishi humo. Usipoiona nafasi hiyo utaandika mipasho.

Mipasho naiheshimu. Imefundisha wanawake wa pwani kusema kwa fumbo, na kanga tu ukutani inaweza kumaliza ugomvi wa mtaa mzima. Lakini angalia mpasho unampiga nani: mke mwenza, jirani, wifi, shoga aliyegeuka. Unapiga pembeni. Kejeli tunayoitaka hapa inapiga juu, kwa mwenye rungu: mume anayetia sahihi, karani, mwenyekiti, mzee wa kamati. Chukua ufundi wa mpasho, yaani fumbo, marudio na jina lisilotajwa, halafu geuza uso.

Tuangalie kipande kifupi. Mahali ni ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, mwezi wa kumi, mnada unakaribia. Watu watatu tu.

KARANI: Shamba la nani?
BABA SALUMU: La mke wangu.
KARANI: Mikorosho kapanda nani?
BABA SALUMU: Bibi yake mke wangu.
KARANI: Palizi?
BABA SALUMU: Mama Salumu na wanawe.
KARANI: Akaunti ya kulipwa?
BABA SALUMU: Yangu.
KARANI: Sasa wewe baba kazi yako ni nini?
BABA SALUMU: Mimi mkuu wa kaya.
KARANI: Ndiyo, lakini unafanya nini?
MAMA SALUMU: Anapokea.

"Anapokea" ni neno moja, na ndani yake mna mtenda, mna wakati, mna tendo. Hapo Kiswahili kinatubeba: panchi, yaani kauli ya mwisho inayoleta kicheko, inakaa nzima kwenye kitenzi kimoja, na kitenzi hicho ndicho cha mwisho kutoka mdomoni. Jaribu kuandika "Yeye kazi yake ni kupokea hela tu". Kicheko kimekufa, kwa sababu "hela" imeeleza na "tu" imelalamika. Msikilizaji akielezwa hacheki, na akilalamikiwa anabadilisha stesheni.

Tazama pia kwamba Mama Salumu amekaa kimya kipindi chote. Ukimpa sentensi moja mapema, hata "Mh!", umemwaga risasi. Na mwigizaji wake asipandishe sauti. Anasema kama anayetaja bei ya dagaa. Waigizaji wengi wa kike wamezoeshwa kwamba mwanamke wa kuchekesha ni lazima apige kelele, kwa hiyo hili litakugharimu mazoezi. Mwandikie kwenye skripti, kwenye mabano: bila hasira.

Ngazi za maswali ziwe tatu au nne kabla ya kugeuza. Mbili hazitoshi kumzoesha msikilizaji. Ukifika sita amekwisha kuwahi, anajibu kabla yako. Katika kipande hiki ngazi ya nne, "Yangu", inageuka kidogo, kisha "mkuu wa kaya" inachekesha, halafu panchi ya kweli inakuja wakati watu wanadhani tumemaliza. Acha sekunde mbili za ukimya baada yake. Usiweke muziki. Sauti ya korosho zikimiminwa kwenye mizani inatosha, nayo unairekodi mwenyewe: kilo moja au mbili, gunia na beseni la bati.

Kipindi cha dakika tano kinabeba maneno kama 550, siyo 700. Redio ina pumzi, kikohozi, mlango, na ukimya nilioutaja. Mtu akisoma haraka ili maneno 700 yaenee, utani wote unapita kama basi la usiku. Sauti tatu ndiyo kikomo. Wanawake wawili wenye sauti zinazofanana watachanganywa, hivyo mmoja mpe tabia ya kusikika: anamaliza kila sentensi na "eti", au anatafuna kitu. Kama huna studio, tundika vitenge na mablanketi kwenye kuta mbili zinazotazamana, na simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili herufi p na b zisipige.

Lafudhi. Nchi nzima inawaita wachuuzi wa barabarani machinga bila kukumbuka kuwa Wamachinga ni watu wa Lindi, wana lugha yao na heshima yao. Kusini tumechekwa vya kutosha. Mhusika aongee Kiswahili cha huku kwa sababu ndicho anachokitumia, lakini panchi isiwe matamshi yake. Vivyo hivyo mwanamume aliyevaa gauni na kubana sauti. Watu watacheka, sikatai, ila wanachocheka ni mwanamke, na wewe umeandika kurasa tano ili achekwe mwenye rungu.

Utani wa makabila na wa jamaa unaruhusu mengi. Babu na mjukuu, shemeji, mabinamu, wote wana leseni ya kusema ambacho wengine wangepigwa kwacho. Itumie: ukitaka neno kali limfikie mzee bila skripti kukwama mezani kwa mhariri, mpe mjukuu wake alitamke. Mkwe akilitamka neno hilohilo, kichekesho kimegeuka kesi ya ukoo.

Unyago ni habari nyingine. Umbo lake ni hazina kwa mwandishi: fumbo, jibu, kitu kinachooneshwa, somo, yaani mwalimu wa mwali, anayejifanya hajui. Umbo chukua. Nyimbo na mafundisho yenyewe yaache chumbani. Hayakuwekwa huko kwa bahati mbaya, na ukiyatoa redioni utapoteza wanawake walewale unaowaandikia.

Kuhusu kazi yenyewe kama ajira, wengi wanauliza inaanzia wapi. Mfano wa mbali ni Anne Beatts wa Marekani. Alianzia gazeti la vichekesho la National Lampoon, ambako alikuwa mhariri mwanamke wa kwanza. Mwaka 1975 akaingia kwenye kundi la kwanza la waandishi wa kipindi cha vichekesho cha televisheni Saturday Night Live, mmoja wa wanawake wachache kwenye chumba kilichojaa wanaume. Mwaka 1976 yeye na Deanne Stillman wakatoa Titters, mkusanyo wa vichekesho vya wanawake. Mwaka 1982 akawa na kipindi chake mwenyewe cha televisheni, Square Pegs, akajaza chumba chake cha waandishi na wanawake. Baadaye alifundisha, akafariki 2021. Ninachokitoa humo ni mpangilio: vipande vifupi kwanza, kisha chumba cha wengine, kisha kuwakusanya wenzako, ndipo chako. Nyumbani tunaye Profesa Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia, ambaye Nguzo Mama yake ya 1982 ilishawaonesha wanawake wakihangaika kuisimamisha nguzo moja. Nani kasema kejeli ya aina hii ni ya kuazima?

Kwa Mtwara hatua ya kwanza ni redio ya karibu. Usipeleke wazo, peleka vipindi vinne vilivyokamilika, kimoja kikiwa kimerekodiwa. Panga kalenda. Cha stakabadhi kirushwe Oktoba hadi Desemba, wakati korosho ziko ghalani na fedha ziko midomoni mwa watu. Mwezi wa sita, wakati wa kupulizia salfa, andika nani anabeba mfuko wa salfa na nani anashika mashine ya kupulizia. Ramadhani epuka saa moja kabla ya futari. Mpishi ana moshi machoni, na mwenye njaa hana utani.

Mambo ya karatasi usiyapuuze, hasa wewe unayecheka karatasi za wengine. Andika jina lako na tarehe kwenye kila ukurasa. Kazi yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, uhai wako wote na miaka 50 baada yake, lakini siku ya ubishi utaulizwa ushahidi, kwa hiyo kaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Makubaliano yawe ya maandishi, na yatenganishe malipo ya kurusha kipindi na malipo ya kukigeuza tangazo. Hapo ndipo waandishi wengi wanaliwa: kipande kimerushwa mara moja, halafu wiki ya tatu sauti ya Mama Salumu inauza sabuni.

Na kashfa ni kesi. Usitaje chama wala kijiji halisi, na mhusika mwenye makosa mbadilishie mambo matatu: umri, kazi, mahali. Kubadilisha jina pekee hakusaidii. Mwenyekiti mwenye pikipiki nyekundu na jino la dhahabu anajulikana hata ukimwita Bakari.

Kipimo cha mwisho kifanyike kabla ya kurekodi. Watafute wanawake watano au sita wanaobangua korosho pamoja, uwasomee, usieleze kitu. Usiangalie midomo, angalia mikono. Mikono ikisimama kabla ya panchi, wanakusikiliza. Ikiendelea kubangua, ngazi zako ni ndefu, kata moja. Wakicheka wakitazamana, kipande kimeiva. Wakicheka huku wote wakimtazama mwenzao mmoja, kipande kimemkuta mtu badala ya desturi. Rudi nacho nyumbani ukaandike upya.