Uji wa miaka kumi nyuma ya shairi

Gombo nililoletewa nilikarabati mwezi uliopita lilikuwa limejikunja pembeni kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani. Katikati yake kuna karatasi karibu ya mraba, imenyunyiziwa chembe za fedha zilizokwisha kufifia, na juu yake wino mweusi unateremka kwa mistari isiyolingana: mmoja mrefu, mwingine umeanzia nusu ya njia, wa mwisho umebanwa kwenye kona. Mwenyewe akaniuliza swali wanaloniuliza karibu wote: "Pameandikwa nini hapa?" Mimi nilikuwa nimeshaligeuza, natazama mgongo.

Nilimjibu. Ni waka, shairi la Kijapani la mizani 31, zikigawanywa 5-7-5-7-7. Aliyezoea kuhesabu mizani za utenzi kwa vidole hapotei hapa, kwani silabi nyingi za Kijapani, kama zetu, huishia kwa irabu: a-ma-no-ha-ra, tano, fu-ri-sa-ke-mi-re-ba, saba. Mtunzi ni Abe no Nakamaro, aliyepelekwa China kusoma mwaka 717, akazeekea huko na kufia huko. Anautazama mwezi, anakumbuka kwamba ndio uleule uliokuwa ukichomoza juu ya mlima Mikasa, kwao Nara. Inasimuliwa kwamba ni shairi hilihili ambalo Takeno Jōō, bingwa wa sherehe ya chai wa karne ya 16, alilitundika katika chumba chake cha chai, zama ambazo ukuta wa chumba kama hicho ulikuwa wa maandishi ya watawa wa Zen, madhehebu ya Kibuddha. Hili la mteja wangu ni la mkono wa baadaye sana, lakini si baya. Mwandishi alichovya brashi mara chache tu; unaona pale wino ulipokuwa ukimwishia naye akaendelea.

Tuje kwenye mgongo, maana ndiko kazi yangu iliko.

Kakejiku, yaani gombo la kutundika, haliwekwi ukutani mwaka mzima. Hutundikwa siku kadhaa kufuata msimu au mgeni, kisha hukunjwa na kurudishwa kwenye sanduku la mti wa kiri. Kwa hiyo karatasi ya shairi, hariri inayoizunguka na tabaka za nyuma lazima vipinde kwa pamoja bila kuvutana. Tabaka la kwanza ni karatasi nyembamba ya Mino, yenye nyuzi ndefu. La pili ni Misu, iliyochanganywa unga wa magamba ya chaza. La mwisho ni Uda, yenye udongo mweupe. La kwanza hubandikwa kwa gundi mpya. Yanayofuata yanataka furunori, gundi kuukuu.

Gundi ya unga wa ngano wengi tumeipika utotoni. Mafundi wa Kijapani huanza kwa kuutoa ule utomvu wa unga unaonata (gluteni), wakabaki na wanga mtupu. Huupika wakati wa baridi kali mpaka uwe uji mzito unaong'aa, wakautia kwenye mtungi na kuuweka mahali penye baridi kwa miaka kama kumi. Juu huota ukungu, nao huukwangua na kubadilisha maji. Kinachobaki ni kitu cheupe, chenye harufu ya uchachu, ambacho ukikisugua kati ya vidole unashangaa kama kitashika chochote. Na kweli hakishiki sana. Ndiyo sababu fundi akishabandika huchukua brashi nzito na kuupigapiga mgongo mzima, tap tap tap, ili nyuzi za karatasi zishikane zenyewe. Gundi hiyo haikakamai, na baada ya vizazi kadhaa fundi mwingine ataibandua kwa maji tu.

Aliyelikarabati gombo hili kabla yangu alitumia gundi nyeupe ya seremala. Sikasiriki upesi, ila siku ile nilitoka nje kidogo. Imenichukua wiki mbili kuibandua kwa unyevu na kibanio, kipande kisichozidi ukucha kwa wakati mmoja.

Hariri tulichagua pamoja. Ule ukanda mwembamba unaogusa shairi juu na chini, ichimonji, ndio hupewa kitambaa bora kuliko vyote, na wa juu huwa karibu mara mbili ya wa chini. Mteja alitaka uzi mwingi wa dhahabu. Nilimkatalia; karatasi iliyofifia hivi ingeonekana mgonjwa kando ya bibi harusi.

Sasa limebandikwa kingo zake tu kwenye ubao wa kukaushia uliopakwa maji ya tunda la kaki (persimoni), limekaza kama ngoma. Litakaa hapo wiki nyingi, likinywa unyevu wa mvua na kuutoa jua likiwaka. Mwenyewe ameshapiga simu mara mbili.