Kwa Nini Siyaamini Macho Yangu Peke Yake

Watu wakisikia mimi ni daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, hudhani siku zangu zote ni saa 10 mfululizo kwenye meza ya upasuaji nikihangaika na uvimbe. Siku hizo zipo. Lakini upasuaji ulionifunza zaidi ni ule tunaouita mdogo: kutoa damu iliyovilia chini ya utando wa ubongo.

Mgonjwa mara nyingi ni mzee. Aligonga kichwa wiki kadhaa nyuma, pengine hata hakumbuki. Umri huusinyaza ubongo, na vimishipa vinavyouunganisha na utando wake hubaki vimevutika. Kimoja kikichanika, damu huvuja polepole. Mzee anaanza kuchanganya majina, mguu mmoja unaburuta, na familia inasema ni uzee tu. CT skani, picha ya ndani ya kichwa, inasema jingine. Tunatoboa tundu moja au mawili kwenye fuvu, damu nyeusi kama oili chafu inachuruzika, na kesho yake anauliza miwani yake iko wapi.

Mtego uko hapohapo. Ukiyaona hayo mara hamsini, unajiona fundi, wala huambiliki.

Damu hurudi kwa baadhi yao. Wapasuaji walibishana miaka: tukishatoboa, tuache mrija wa kutolea mabaki au tufunge tu? Kila mtu alikuwa na visa vyake vya kuthibitisha. Kisha mwaka 2009 yakatoka majibu ya jaribio lililofanyika Cambridge, Uingereza. Wasiowekewa mrija, 24% walirudiwa upasuaji, waliowekewa, 9.3%. Sasa piga hesabu. Mpasuaji mwenye wagonjwa 20 kwa mwaka angerudia watano badala ya wawili. Hao watatu angewaita bahati mbaya, akaendelea na mazoea yake.

Mfano wa pili ndio unaoninyima usingizi. Kwa miongo kadhaa waliojeruhiwa kichwa walipewa steroidi, dawa za kuzuia ubongo usivimbe. Wazo lilikuwa la akili, maana dawa hizo hupunguza kweli maji yanayojaa kuzunguka uvimbe wa saratani ubongoni. Jaribio lililoitwa CRASH likagawa majeruhi 10,008 kwa bahati nasibu, na mwaka 2004 likaonyesha kwamba ndani ya wiki mbili walikufa 21.1% ya waliopewa steroidi, na 17.9% ya wasiopewa. Ni vifo kama vitatu zaidi katika kila majeruhi 100. Nani angeviona wodini? Majeruhi wa kichwa hufa hata ukifanya kila kitu sawasawa. Waliozitoa dawa hizo walikuwa madaktari wazuri.

Ndiyo maana nusu ya kazi yangu ni utafiti, na hauna mvuto wowote: fomu, takwimu, kumpigia mgonjwa baada ya miezi sita, na namba isiyopatikana.

Sehemu ngumu ni ridhaa. Nakaa na binti wa mgonjwa, namweleza kwamba kuna njia mbili za kumtibu baba yake, na kwamba si mimi nitakayechagua, ni kompyuta, kwa bahati nasibu.

“Kwa hiyo daktari, hamjui ipi ni bora?”

“Hatujui, mama.”

Ananyamaza, ananitazama mikono. Wengine hukubali. Wengine hukataa, na mgonjwa wao tunamtibu vilevile, usiku uleule.