Je, wajua kwa nini chumba cha maonyesho ya muda huwa na kiza?

Ukitoka kwenye jua kali ukaingia makumbusho, chumba chenye misahafu ya kale, ngoma au ndege waliokaushwa hukupokea kwa kiza. Wageni wengi hudhani taa zimeungua. Sivyo. Mwanga ule umepimwa, na ndio mara nyingi unaoamua kwa nini maonyesho ya muda hufungwa baada ya miezi michache hata kama watu bado wanamiminika.

Mwanga hupimwa kwa laksi. Jua la saa sita mchana hufikia laksi 100,000, ilhali kwa karatasi, nguo na manyoya makumbusho huweka kikomo cha laksi 50. Kinachohesabiwa si ukali wa taa peke yake, bali ukali mara saa. Taa ya laksi 50 ikiwaka saa 8 kwa siku, kwa siku 90, jumla ni laksi-saa 36,000. Kitu hichohicho kikiwekwa juani adhuhuri kitapata kiasi hicho kwa dakika 22 hivi. Anayeutoa msahafu wa kale uani ili picha itoke vizuri anautumilia mwanga wa miezi mitatu kabla hajamaliza kupiga picha.

Hariri na rangi zinazopauka upesi ndizo dhaifu kuliko zote. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2004 unaziruhusu laksi-saa 15,000 kwa mwaka, nazo huisha kwa siku 37 tu. Kwa hiyo maonyesho ya miezi mitatu hula fungu la zaidi ya miaka miwili, na baada ya hapo kitu lazima kirudi stoo, gizani. Rangi ikishapauka, hakuna dawa ya kuirudisha.

Kwa msahafu kuna njia ya kupunguza hasara: ukurasa hubadilishwa katikati ya maonyesho, ili mwanga usiangukie wino uleule. Pia haufunuliwi ukalala bapa, maana mgongo wa jalada huvunjika na nyuzi za mshono hukatika. Huegemezwa kwenye marfaa au kiegemeo kilichokatwa kwa vipimo vyake, jalada likiwa limefunguka nusu tu, na kurasa hushikiliwa na utepe angavu wa plastiki usiokaza.

Ngoma ina adui mwingine: hewa. Ngozi iliyowambwa hunywa unyevu ikalegea, na hewa ikikauka hujikaza mpaka ichanike au ipasue mzinga. Pwani yetu unyevu wa asilimia 75 ni wa kawaida. Ukumbi unaopashwa joto majira ya baridi ughaibuni unaweza kushuka hadi asilimia 25. Kati ya 2017 na 2019 maonyesho ya sanaa za Waswahili yalizunguka Illinois, Washington na Los Angeles huko Marekani, yakiwa na vitu vilivyoazimwa kutoka makumbusho ya Kenya na Oman. Katika safari za namna hiyo, sanduku likifika halifunguliwi siku hiyo. Huachwa ukumbini angalau saa 24, mbao na ngozi zizoee polepole. Ndani ya kabati la kioo huwekwa silika jeli, yaani chembe zinazonyonya na kutoa unyevu, iliyoandaliwa kuushikilia karibu na asilimia 50. Ukivuka 65 kwa muda mrefu, ukungu huanza.

Wanyama waliokaushwa huogopwa kwa sababu ya wageni wanaokuja nao: nondo na mbawakawa wadogo ambao mabuu yao hutafuna manyoya na ngozi. Buu mmoja akiingia na swala, atahamia kwenye ngoma ya chumba cha pili. Basi mnyama hufungwa kwenye nailoni isiyopitisha hewa na kugandishwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, siku tatu au zaidi. Akitolewa, nailoni haifunguliwi mpaka apate joto la chumba. Ukiharakisha, umande humtanda na kazi yote huharibika. Ngoma iliyokazwa ni hatari kuigandisha, kwa hiyo huwekwa kwenye hewa ya naitrojeni isiyo na oksijeni kwa wiki kadhaa. Wanyama wa zamani wana jambo jingine la kuangalia: mara nyingi ngozi zao zilipakwa sabuni ya aseniki, ambayo ni sumu, na ndiyo maana mhifadhi huwagusa kwa glavu, wala mgeni haruhusiwi kuwapapasa.

Ndovu Ahmed wa Marsabit, aliyekufa mwaka 1974, anaonekana uani mwa Makumbusho ya Nairobi, juani na mvuani, kwa sababu ile ni sanamu ya faibaglasi.

Ukiingia kwenye chumba chenye kiza, simama mlangoni dakika tano hadi kumi kabla ya kusogea. Macho yatazoea kiza, na nakshi za pembezoni mwa ukurasa zitaanza kuonekana bila taa ya simu.