Kuhesabu ndege wanaotaga: yasemwayo na yalivyo

"Ni kazi ya wasomi."
Jijini Nairobi, matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege yalianza mwaka 1971, na mgeni asiyejua shore wala chiriku hupokewa. Ramani ya Ndege wa Kenya, iliyoanza 2013, nayo inategemea watu wanaojitolea. Unachagua mraba wa takriban kilomita 9 kwa 9, unautembea kwa saa mbili au zaidi, kisha unaorodhesha kila ndege uliyemtambua.

"Viota ishirini mtini, basi jozi ishirini."
Hapa wengi huteleza. Kwa mnana (kwera, kwa wengine) dume ndiye msusi. Jike huja kukagua nyumba. Akiikataa, majani hukauka, na dume huibomoa asuke nyingine. Akibahatika, ataoa wake kadhaa. Kwa hiyo usihesabu viota tu, andika ulichokiona: jike kaingia na panzi mdomoni, makinda yanalia ndani.

"Ndege wa msituni hutaga msituni."
Mnana wa Clarke alipewa jina la kisayansi mwaka 1913. Anaishi kaunti ya Kilifi peke yake, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na ule wa Dakatcha, na huonekana juu kwenye matawi ya miti. Watu wakatafuta kiota chake huko juu miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2013 kikapatikana Dakatcha, tena chini kabisa: kwenye majani ya jamii ya ndago, ndani ya dimbwi linalojaa msimu wa mvua. Waliokuwepo ni pamoja na wanakijiji wa kikundi cha uhifadhi cha hapohapo. Tangu hapo, dimbwi ambalo mtu angeliona tope tupu limekuwa jambo la kulindwa sawa na miti yenyewe.

"Ukigusa kinda, mama atalisusa kwa harufu ya mkono."
Sivyo, ndege wengi hawategemei sana pua. Lakini usilishike. Ukikanyaga nyasi hadi kiotani umemchorea nguchiro njia, na kunguru juu ya mnazi anakutazama wewe. Mama naye akikaa mbali, mayai yanapoa. Darubini inatosha: ndege aliyebeba unyasi, au anayetoa kinyesi cha makinda nje, ameshakwambia yote akiwa mbali.