Ukitaka kusoma GIS Uganda, anza na kodineti

Kila msimu wa kuomba vyuo, vijana waliomaliza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, huniuliza: nikisoma GIS, yaani mifumo ya taarifa za kijiografia, nitafundishwa programu gani? Naelewa kwa nini wanauliza hivyo, lakini programu ndiyo sehemu nyepesi. QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure. Ipakue leo, ukijituma utachora ramani ya kuvutia kabla hata ya kuitwa chuoni. Kazi ngumu ni kujua kama ramani hiyo inasema kweli.

Nchi yetu inakatwa na Ikweta, halafu huko magharibi inakatwa tena na longitudo ya nyuzi 30 Mashariki, ambayo ni mpaka wa kanda namba 35 na 36 za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda ili kodineti, yaani namba za kuonyesha mahali, zihesabiwe kwa mita. Ndiyo maana tuna kanda nne ndani ya nchi moja: Kampala iko 36 Kaskazini, Masaka 36 Kusini, Bwera 35 Kaskazini, Kisoro 35 Kusini. Katika kanda za kusini, namba ya kaskazini, yaani umbali kutoka Ikweta, huongezewa mita 10,000,000 ili isiwe hasi. Fungua orodha ya visima vya Masaka ukiwa umechagua 36 Kaskazini, na visima vyote vitaangukia karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia.

Kosa kama hilo linaonekana papo hapo. Ninaloliogopa zaidi ni lile linalojificha. Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa datamu (msingi wa umbo la dunia ambao kodineti huhesabiwa juu yake) ya Arc 1960, na GPS ya simu yako inatumia WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, kila kitu kinasogea karibu mita 300. Kwa ramani ya bara la Afrika huwezi hata kugundua. Kwa mtu aliyenunua kiwanja cha futi 50 kwa 100, mita 300 zinampeleka kwenye ardhi ya watu wengine kabisa.

Majina nayo yana mtego wake. Mwaka 1986 tulikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130. Madi-Okollo ilitolewa Arua mwaka 2019, Terego ikafuata 2020. Ukichukua takwimu za malaria za “Arua” za mwaka 2015 ukazibandika kwenye mipaka ya leo, utaonyesha ugonjwa umepungua ghafla, kumbe wilaya ndiyo iliyopungua. Kompyuta haitakuonya hata kidogo. Mwalimu anayekufundisha kushtuka hapo, mshike sana.

Makerere ina njia mbili: kupitia idara ya jiografia, au kupitia upimaji na geomatiki, yaani sayansi ya kupima na kuchora ardhi, upande wa uhandisi. Ukipenda mazingira, afya na mipango, nenda jiografia, ila usikimbie takwimu. Ukiipenda hesabu na ardhi yenyewe, nenda geomatiki. Kuna pia Kyambogo, na chuo cha upimaji cha Entebbe kwa wanaotaka stashahada.

Kazi je? Zipo, ingawa tangazo mara chache huandika “mtaalamu wa GIS”. Kabla ya sensa ya Mei 2024, nchi nzima ilibidi igawanywe katika maeneo madogo ya kuhesabia. Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, linapita kwenye mashamba na makaburi ya watu, na kila kipande kilipaswa kupimwa kabla mwenyewe hajalipwa fidia. Kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi kule Yumbe inahitaji kujua maji yako wapi na watu wako wapi. Kwenye miteremko ya Bududa, ramani ya maporomoko ya udongo ni suala la uhai. Misitu, hifadhi za wanyama, umeme, barabara: kote huko kuna dawati la ramani.

Jambo moja huwa halisemwi mapema. Shahada ya GIS peke yake haikupi ruhusa ya kutia saini michoro ya mipaka ya kupatia hati ya ardhi; hiyo ni kazi ya mpimaji aliyesajiliwa. Kama ndoto yako ni kupima viwanja, uliza kuhusu usajili kabla hujajaza fomu ya chuo.

Na wakati wa mafunzo kwa vitendo, omba nafasi kwenye ofisi ya mipango ya wilaya. Posho huenda isiwepo, lakini mafaili yenye kodineti zisizo na kanda wala datamu utayakuta ya kutosha.