Waridi la harufu Tabora ni ua la kiangazi

Kila Novemba mvua za kwanza zikishaanguka, kitalu changu hujaa watu wanaotaka waridi. Kupanda wakati huo si vibaya, maana mche unashika mizizi bila kukugharimu maji. Ila wengi hutarajia mche huohuo uwape maua ya maana katikati ya masika, na hapo ndipo tunapopishana. Waridi la pinki la kichaka, lile lenye petali nyingi na harufu ya kujaza ua mzima, kwa hapa Tabora ni ua la kiangazi. Masika lijenge mwili tu. Ukilipokea hilo, utajua lini ushike mkasi na lini uuweke.

Sababu ziko wazi kwa aliyelitazama mwaka mzima. Mwezi wa kwanza na wa pili ua lenye petali nyingi linanyeshewa likiwa bado limefumba, petali za nje zinagandana na kuwa kahawia, na ua linaozea humohumo bila kufunguka. Majani yakikaa na unyevu saa nyingi, ukungu wa madoa meusi unapata nafasi: kwanza doa lenye kingo zilizochanika kama pindo la kitambaa kibovu, kisha jani lote linageuka manjano na kudondoka. Halafu njoo mwezi wa sita na wa saba. Mvua zimekata, hewa ni kavu, usiku kuna ubaridi wa kutafuta shuka zito. Ua linafunguka polepole, linakuwa kubwa, na mafuta yake ya harufu hayapeperuki kabla hujaamka. Kufika Oktoba joto limepanda, ua lililofunguka alfajiri linaweza kuwa limelegea jioni ileile, tena dogo.

Kabla ya mkasi, tuzungumzie aina, kwa sababu hapa watu hutumia fedha vibaya. Waliokwenda Hija huniulizia waridi la Taif, mji wa kule Saudia, na nawaelewa; marashi yake yana jina. Lakini lile ni la jamii ya Damaski, linachanua msimu mmoja tu kwa mwaka, na linataka baridi ya maana kabla ya kutoa vikonyo. Taif iko juu milimani, baridi hiyo inapatikana. Sisi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, tena karibu na ikweta, na ubaridi wetu wa Juni hautoshi kulidanganya. Utakuwa na kichaka kizuri cha majani na miiba.

Tafuta waridi lenye damu ya Kichina, maana mawaridi ya China ndiyo yaliyoleta tabia ya kuchanua tena na tena bila kungoja baridi. Ninayoyapenda zaidi katika kundi hilo yalianzia bahari yetu hii ya Hindi, kisiwa cha Réunion mashariki ya Madagaska, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima wa huko walikuwa na uzio wa mawaridi ya Damaski na ya Kichina yaliyochanganyika, yakazaana yenyewe, na mbegu zikapelekwa Ufaransa. Huko mwaka 1851 likatoka Louise Odier, la pinki, mviringo kama kikombe, linalonukia kwelikweli na kurudia kuchanua. La karibuni zaidi ni Gertrude Jekyll, la pinki iliyokoza, alilolitoa David Austin wa Uingereza mwaka 1986. Ukilipata lolote kati ya hayo, au kichaka cha jirani usichokijua jina lakini kinachanua mara kwa mara na kunukia, chukua kipandikizi. Yale mawaridi marefu ya kukatwa yanayotoka kwenye mashamba ya Arusha na Naivasha ni mazuri mezani, lakini mengi yalichaguliwa kwa ajili ya kukaa siku nyingi kwenye maji na kustahimili safari, na harufu ikaachwa njiani.

Sasa udongo. Wetu wa Tabora kwa sehemu kubwa ni kichanga, una asidi kidogo, na maji yanapita kama hayana habari nao. Dawa yake iko karibu na bei yake ni jasho: udongo wa kichuguu. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, na huo una chokaa na virutubisho kuliko kichanga kinachouzunguka. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, kina 50. Changanya udongo uliochimba na debe moja la samadi iliyooza vizuri na nusu debe la udongo wa kichuguu kilichohamwa, uliopondwapondwa. Usizidishe, ukijaza kichuguu kitupu masika maji yatatuama na waridi halipendi kulowa miguu. Samadi mbichi usithubutu.

Mahali: jua la asubuhi hadi mchana, kwa muda wa saa sita angalau, na kivuli cha ukuta saa tisa alasiri kwa ajili ya Septemba na Oktoba. Chini ya mwembe hapana. Najua uwanja wa Tabora bila mwembe ni nadra, lakini mizizi yake itakunywea kila ndoo. Kichaka kimoja kipe mita moja.

Mkasi unashikwa mwanzoni mwa Mei, mvua zikishaaga. Toa kwanza kila tawi lililokauka, yanayosuguana, na vijiti vyembamba kuliko penseli. Matawi yaliyobaki yapunguze theluthi moja. Ukishika tawi tazama macho yake, vile vinundu vinavyotoa chipukizi: chagua jicho linaloangalia nje ya kichaka, kata juu yake kidogo tu, nusu sentimita hivi, mkasi ukiinama ili umande uteleze upande usio na jicho. Ndani ya tawi pawe peupe penye ukijani. Pakiwa na kahawia, shuka jicho moja chini ukate tena. Kisha mimi hupukuta majani yote yaliyobaki na kuyachoma, maana yamebeba madoa ya masika. Mama mmoja wa Isevya aliponiona nikifanya hivyo kwake alishika kiuno: "Baba, umeniulia ua langu!" Wiki sita hadi nane baadaye, mwezi wa sita ukielekea wa saba, ndipo maua hufunguka.

Matawi marefu ya aina kama Louise Odier usiyakate yote. Yalaze kando ya ukuta au fensi, yafunge kwa kamba ya katani bila kuyanyonga. Jicho la ncha ndilo huyazuia ya chini yasichipue. Tawi likilala, ubabe huo unaisha na karibu kila jicho linatoa chipukizi lenye ua. Kwa kiwanja chembamba hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Maji ya kiangazi yawe mengi kwa mara chache. Ndoo ya lita kumi kwa kichaka, mara mbili kwa wiki, shinani, asubuhi. Septemba na Oktoba mara tatu. Kunyunyiza kidogo kila siku kunaiita mizizi juu, na mizizi ya juu kwenye kichanga chetu huungua. Siku bomba limekatika, maji ya kuoshea mchele au mboga yanafaa. Ya kufulia yaache.

Wadudu wa kiangazi ni wawili wa kuogopwa. Mchwa hufuata kitu kikavu, kwa hiyo nyasi kavu zilizorundikwa shinani ni mwaliko. Tandaza mboji iliyoiva nusu, acha kiganja kizima wazi kuzunguka shina, na ukiona njia ya tope inapanda, ibomoe siku hiyohiyo. Wa pili ni utitiri mwekundu. Jani linapauka kwa vitone vidogo. Ligonge juu ya karatasi nyeupe uone nukta zinazotembea. Rushia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi ili yakauke upesi, kisha maji ya sabuni ya mche kila baada ya siku chache. Anayemwaga urea ili kichaka kinenepe anawaandalia karamu. Na tafadhali, viuatilifu visiguse ua lililofunguka. Huu ni mkoa wa asali.

Kuchuma ni alfajiri, jua halijachomoza sawasawa, ua likiwa limefunguka nusu. Saa sita mchana sehemu kubwa ya harufu imeshakwenda na hewa. Wanaotaka petali za kutia kwenye maji ya kurashia wageni siku ya maulidi nawaambia hivyohivyo. Ua likizeeka, kata hadi jani la kwanza lenye vijani vitano, chipukizi la duru ya pili litatokea hapo, na utachuma tena Agosti na Septemba.

Matawi ya Mei usiyatupe. Yenye unene wa penseli yakate ya sentimita 15 hadi 20, macho manne, mawili yazame kwenye kiriba cha mchanga uliochanganywa na maganda ya mpunga yaliyounguzwa. Weka kivulini, usiache yakauke. Mche wa namna hii unachelewa kuliko uliounganishwa juu ya shina la waridi la mwituni, lakini hata mchwa wakiula hadi chini, kitakachochipua kutoka shinani ni waridi lilelile. Uliounganishwa ukifa juu, unabaki na shina la mwituni, na ukaanza upya.